Mchina akikukalia kimya Januari, muache

Mwaka mpya wa Kichina mimi sikuujua kwenye TV, niliujua kwa presha. Nilituma oda ya chupa za chai Guangzhou katikati ya Januari, advansi nimelipa, wateja Kariakoo nishawaambia mzigo unakuja, halafu yule mtu kimyaaa. Namtumia meseji WeChat, najibiwa na picha ya taa nyekundu basi. Siku kumi! Nikasema hapa nishapigwa. Kumbe mwenzangu yuko kijijini kwao anakunja jiaozi, zile kama sambusa za kuchemsha, na mama yake.

Kila mwaka nasikia wafanyabiashara wenzangu wanawalaumu, oh wanatuchelewesha, oh hawajali wateja. Mi siungani nao tena. Hawa ndo tunaowaona kama mashine za kazi, ila ikifika kipindi hicho viwanda vinafungwa, treni zinajaa, huo msimu wa kusafiri wanauita chunyun, ni siku 40 na safari zinahesabiwa kwa mabilioni, na ndani ya hizo treni kuna watu wanaofanya kazi mjini huku mtoto kalelewa na bibi, mara nyingine hawajaonana toka mwaka jana. Sasa we unataka aache hayo akutajie bei ya chupa?

Tarehe ndo inayotuchanganya. 2025 ilikuwa Januari 29, 2026 ikawa Februari 17. Wanafuata mwezi, ila haizunguki mwaka mzima kama Idi kwa sababu kila baada ya miaka miwili mitatu wanachomekea mwezi wa ziada, kwahiyo haitoki kati ya Januari 21 na Februari 20. Weka kwenye kalenda yako, kelele zipungue.

Ila kilichoniacha hoi ni mungu wa jikoni. Kwa desturi ya zamani picha yake inakaa karibu na jiko, mwaka mzima yupo pale anasikia ugomvi wenu, umbea wenu, nani kadokoa nyama. Kama wiki hivi kabla ya mwaka mpya, tarehe 23 ya mwezi wao wa 12 kwa watu wa kaskazini, kusini 24, anapanda mbinguni kupeleka ripoti. Sasa wanafanyaje? Wanampaka asali au pipi ya kunata mdomoni, ili akifika huko aongee matamu tu, wengine wanasema ili meno yagandane asiongee kabisa 😂 Kisha picha inachomwa, moshi ndo usafiri wenyewe, na anabandikwa mwingine mpya. Yaani takrima mpaka mbinguni!

Na mengi yao yamekaa hivyo hivyo, mchezo wa maneno. Samaki anaitwa yu, linasikika sawa na neno la kubakiza ziada, basi mkesha lazima samaki awepo mezani na hamalizwi. Nne inafanana na kifo, kwahiyo bahasha nyekundu ya hela usiweke 4. Siku ya kwanza hufagii, utafagia bahati yako (hii nimeipenda kuliko zote). Ndo maana usafi wote unafanywa kabla. Jiaozi nazo, huko kaskazini wengine wanaficha sarafu kwenye moja na atakayeing'ata mwaka wake umenyooka, jino nalo sijui.

Wapo wanaosema ushirikina huo. Sawa, ila mwaka 1967, kipindi cha Mapinduzi ya Utamaduni, ile kampeni ya Mao ya kufuta mila za kale, serikali yao yenyewe iliifuta hiyo likizo watu waendelee na mapinduzi, na baadaye ikarudi. Kitu kinachomrudisha mtu kwa mama yake hukifuti kwa tangazo.

Siku ya nane ya mwaka wao, nane kwao ni namba ya pesa, yule jamaa akanijibu, kaanza na picha ya bahasha aliyopewa na bosi wake siku ya kufungua kazi, ndo akaja kwenye bei. Mzigo ulifika Aprili. Safari hii oda nimetuma Oktoba.