Umati Ndani ya Joho Moja

Kila nionapo mchoro mpya wa kisurealisti, yaani wa mtindo unaochora mambo kama ya ndotoni, ambamo tembo anatembea juu ya kamba huku mwezi ukiwa umevikwa pua nyekundu ya mchekeshaji, huwa najiuliza kama mchoraji aliwahi kuketi akaitazama sarakasi yenyewe. Mtu anayening'inia hewani kwa vidole vya miguu tayari ameshaivunja kawaida, na kumwongezea maajabu mengine ya kubuni ni kumwaga maji baharini.

Sarakasi na usurealisti vilikutana mapema mno. Mwezi Mei 1917, miaka saba kabla mwandishi Mfaransa André Breton hajatoa ilani yake ya usurealisti, mshairi Guillaume Apollinaire alilitumia neno hilo katika maelezo ya Parade, onyesho la dansi lililochezwa Paris, ambalo kisa chake ni wasanii wanaoonyesha vionjo nje ya banda ili watu waingie, lakini watu wakadhani vionjo ndivyo onyesho lenyewe. Pazia lake kubwa, lenye farasi wa mabawa na wanasarakasi waliozunguka meza, lilichorwa na Pablo Picasso. Naona wengi wa wachoraji wa leo wamebaki nje ya banda lile lile.

Aliyeingia ndani, kwa maoni yangu, ni Remedios Varo, mchoraji Mhispania aliyehamia Mexico mwaka 1941 akikimbia vita. Katika mchoro wake wa mwaka 1956, ambao mimi nimeuona kwa picha tu, mfanya mazingaombwe amesimama kwenye mkokoteni wake wenye simba na mbuzi, na uso wake umechorwa juu ya kipande cha gamba la chaza chenye pembe tano. Baba yake Varo alikuwa mhandisi wa mambo ya maji aliyemfundisha uchoraji wa kiufundi, na nadhani ndiyo sababu mkokoteni ule, pamoja na ugeni wake wote, unaonekana kama kitu ambacho fundi angeweza kukiunda. Hakuna ukungu wa ndoto wa kuficha uzembe wa mkono.

Hata hivyo, kinachonishika zaidi ni watazamaji. Wamesongamana, nyuso zao zinakaribia kufanana, na wote wamevaa joho moja la kijivu lisilo na mshono wa kuwatenganisha. Wachoraji wengi humtazama mwanasarakasi kutoka kwenye viti. Varo amevigeuza viti vyenyewe kuwa sehemu ya mazingaombwe, nami nikiitazama picha ile hujikuta nikitafuta lile joho linaishia wapi.