Toofan ya Shakib Khan: waliosifia na walioponda, nani kaona vizuri?

Ukisoma yaliyoandikwa kuhusu Toofan unaweza kudhani watu waliingia ukumbi mmoja wakaonyeshwa muvi mbili tofauti. Kuna waliotoka wanasema sinema ya Bangladesh sasa imesimama, haina tena sababu ya kuwaonea haya wenzao wa India, na kuna waliotoka wanasema hii ni KGF, ile muvi ya majambazi ya India, imevalishwa Kibengali, damu nyingi stori kidogo. Mimi sinema ya kule naipenda na naifuatilia, na kwa kweli naona kila upande una la kweli ila kila upande umeshika pale pepesi ukaacha pazito.

Kwa ambae hajaiona: Toofan ni muvi ya majambazi iliyotoka Bangladesh tarehe 17 Juni 2024, siku ya Idi kubwa. Mwongozaji ni Raihan Rafi, steringi ni Shakib Khan na anacheza watu wawili. Mmoja ni Shanto, kijana anayehangaika kupata nafasi kwenye filamu, wale wanaoitwa kwenda kujaza kundi nyuma ya staa, na mwingine ni Toofan, jambazi mkubwa wa miaka ya 1990 ambae hamuogopi mtu. Sura zao moja, na hapo ndo stori inapozaliwa. Yumo mwigizaji Mimi Chakraborty kutoka Kolkata, India, yumo Masuma Rahman Nabila, yumo Misha Sawdagor ambae ndio adui wa miaka yote kwenye muvi za Dhaka, mji mkuu wa Bangladesh, alafu Chanchal Chowdhury kama afande wa upelelezi, CID. Hela zimetoka pande zote mbili za mpaka, kampuni za Alpha-i na Chorki za Bangladesh pamoja na SVF ya Kolkata.

Nianze na waliosifia maana wao mara nyingi wanachukuliwa kama mashabiki tu wasioelewa filamu, na hiyo si haki. Lazima ujue kule kumbi za sinema zilivyokufa. Miaka ya 1990 Bangladesh ilikuwa na kumbi zaidi ya 1,000, sasa hivi hazifiki 200 na nyingi kati ya hizo zinafunguliwa msimu wa Idi tu, zikishamaliza zinafungwa au zinageuzwa kitu kingine. Kipindi cha mwisho wa miaka ya 1990 na miaka ya 2000 mambo yaliharibika kabisa, muvi za bei rahisi zilikuwa zinachomekewa vipande vya matusi katikati ili ziuze, familia zikakimbia, mama na watoto wakabaki nyumbani na televisheni. Sasa katika hali kama hiyo itoke muvi ambayo familia nzima inapanga foleni kuitafutia tiketi, nyimbo zake mbili, Laage Ura Dhura na Dushtu Kokil, zinapigwa kila harusi na kila gari na zinavuta mamilioni YouTube, wewe ukija unasema skripti ina mashimo mtu wa ukumbi anakuangalia tu. Kwake yeye hiyo muvi imelipa umeme na mishahara.

Na si hela peke yake. Picha zake ni safi, taa zimepangwa, seti za miaka ya 1990 zimejengwa na watu waliokaa wakafikiri, nguo, magari, rangi za kuta, sauti haipwayi. Mtu aliyezoea muvi za Shakib Khan za zamani anaelewa hii ni tofauti kubwa kiasi gani. Jamaa ameanza mwaka 1999, amekuwa staa namba moja kwa muda mrefu sana na kwa muda mrefu sana alikuwa anapewa muvi zile zile, anapiga watu kumi, anaimba shambani, anamuoa binti wa tajiri. Watu wa mjini waliosoma walikuwa wanamcheka wazi wazi. Muvi yake ya Priyotoma ya 2023 ndo ilianza kubadilisha upepo, Toofan ikamaliza kazi.

Tena anaigiza. Mtazame Shanto anavyosimama mbele ya watu wenye uwezo wa kumpa nafasi, mabega yameshuka, macho yanatafuta kibali, tabasamu linakuja kabla hajaulizwa kitu, kisha mtazame Toofan kwenye kiti, mwili umetulia, hana haraka ya kumjibu mtu. Kabla hujaangalia nywele wala nguo umeshajua nani ni nani. Hicho ni kitu ambacho wanaoponda wengi wamekipita mbio, wakati kwangu ndio moyo wa muvi: mwigizaji mkubwa kuliko wote nchini anacheza mtu ambae hakuna anayejua jina lake kwenye seti.

Haya, sasa KGF. Tangu kionjo cha kwanza kilipotoka Mei 2024 watu walianza kulinganisha, KGF aliyoiongoza Prashanth Neel na steringi wake Yash, na Animal ya Ranbir Kapoor iliyokuwa imetoka Desemba 2023 tu. Nywele ndefu, ndevu, bunduki kubwa kubwa, kutembea kwa sloo mosheni na muziki unaopiga kifuani. Hawakuona vibaya, vitu hivyo vimo na vimetoka huko. Lakini mi naona shitaka la kukopi ukiliacha hapo ni jepesi sana. Sisi tuliolelewa na muvi za Kihindi zilizotafsiriwa na madj tunamjua steringi wa sura mbili tangu utotoni, Don ya Amitabh Bachchan ya mwaka 1978 ilikuwa hivyo hivyo, jambazi na mtu wa kawaida anayefanana nae. KGF yenyewe imekula kwenye sahani ya Amitabh wa miaka ile. Ukianza kudai kila mtu arudishe alichoazima sinema ya Asia ya Kusini itabaki uchi.

Tatizo lipo kwingine. KGF pamoja na kelele zake zote ina anwani. Ile ni migodi ya dhahabu ya Kolar kule Karnataka, kuna watu wanachimba kama watumwa, kuna wenye mgodi, ukimuona Yash anaua unajua anaua kwa niaba ya nani na anamuondoa nani kwenye kiti gani. Toofan imechukua bunduki na mwendo, anwani haikuandika ya kwake. Tunaambiwa huyu mtu anaitaka nchi nzima, sawa, ila mtu wa Dhaka wa miaka ya 1990 alipandaje hadi akafika kuitaka nchi? Hapo muvi inakimbilia wimbo.

Na jibu lilikuwa nyumbani kwao! Hii ndo inaniumiza. Ershad, mwanajeshi aliyekuwa anatawala Bangladesh, aliondoka madarakani Desemba 1990, vyama viwili vikubwa vikaanza kupokezana serikali, na mitaani Dhaka majambazi wakakua katikati ya hivyo vyama, wanasimamia nani apate zabuni, wanakusanya hela za masoko na stendi, mtu anapigiwa simu anatajiwa kiasi cha kulipa ili duka lake libaki salama. Ilifika Desemba 2001 serikali yenyewe ikatoa orodha ya majambazi sugu 23. Hawa watu wanakumbukwa, wazazi wa vijana waliojaza kumbi waliishi nao mtaa mmoja. Wanasiasa wamo kwenye Toofan, sikatai, lakini wamo kama wanasiasa wabaya wa muvi yoyote, wanakula njama chumbani, huoni karatasi ya zabuni wala huoni mfanyabiashara mdogo anayelipa ili alale. Kwa hiyo anayesema imekopiwa anakuwa amegusa kidonda bila kukibinya: walikuwa na historia yao kabisa wakaenda kuazima ya jirani.

Alafu kuna jambo la Aynabaji. Hii ni muvi ya Amitabh Reza Chowdhury ya mwaka 2016, Chanchal Chowdhury anacheza mwigizaji anayelipwa na matajiri ili ajifanye wao na kwenda kukaa jela badala yao. Na binti wa muvi ile alikuwa Nabila huyu huyu! Yaani Rafi alikuwa na hao wawili kwenye seti yake, wawili walioshawahi kuionyesha Dhaka jinsi maskini anavyoweza kukodisha sura yake kwa mwenye nguvu, stori ambayo ni ndugu kabisa na ya Shanto, na Chanchal akaingizwa wakati muvi imeshakwenda mbali. Akifika unamuona anabadilisha hewa ya chumba kwa kuongea polepole tu, kila mtu alimsifia, hata walioponda vingine vyote. Ila hapewi nafasi ya kutosha. Wanawake ndo kabisa, Mimi Chakraborty ni staa wa filamu ndani ya filamu na kazi yake kubwa ni kucheza, Nabila ni mtu wa mavazi, mtu anayejua nyuma ya kamera kunavyokwenda, angeweza kutufungulia dunia yote ya Shanto lakini stori ikishanoga inamuweka pembeni.

Kuhusu damu nitasema kwa kirefu kidogo maana hapa waliosifia wananikera. Jibu lao lilikuwa jepesi, eti ni muvi ya majambazi ulitaka waimbe kaswida. Sawa, lakini ilitoka siku ya Idi, na siku ya Idi kule watoto wanakwenda ukumbini na wazazi wao, wamevaa nguo mpya, ndo raha yenyewe ya sikukuu. Na wakati ule Bangladesh haikuwa na utaratibu wa kupanga muvi kwa umri, kulikuwa na bodi ya udhibiti, ikipitisha imepitisha kwa wote, mtoto wa miaka saba na mzee wa sabini wanakaa mstari mmoja. Sheria mpya ilipita 2023 lakini bodi ya kutoa vyeti badala ya ile ya udhibiti imeundwa Septemba 2024, Toofan imeshapita zamani. Hivyo wanaomlaumu Rafi peke yake wanamuonea, mfumo ulikuwa mbovu, ila yeye na maprodyuza walijua wanaitoa siku gani na nani atakuja. Mtu hawezi kuchukua hela ya tiketi ya familia kisha akasema mimi nilitengeneza kwa watu wazima. Na kilichofuata ndo nilichokuwa nakihofia, mwaka uliofuata Shakib Khan akaja na muvi ya Borbaad na damu ikaongezwa, kwa sababu sokoni somo lililochukuliwa kwenye Toofan lilikuwa ukali wa bunduki na wala si mabega ya Shanto.

Ukitaka kujua hoja ya kukopi ina uzito gani sokoni angalia Kolkata. Tarehe 5 Julai 2024 ikaingia India, lugha ni moja, Mimi Chakraborty ni wa kwao, SVF ni ya kwao, na haikutikisa kama nyumbani. Baadhi ya watu wa Dhaka walisema ni majivuno ya Kolkata, inawezekana yapo, ila mi naona sababu ni nyepesi kuliko hapo: mtu wa Kolkata KGF anaipata yenyewe na Animal anaipata yenyewe kwenye ukumbi ule ule, kwa nini alipie inayofanana? Mtu wa Dhaka muvi za Kihindi zilifungiwa mlango kwa miaka mingi, Pathaan ya Shah Rukh Khan iliingia kwenye kumbi zao Mei 2023 na watu waliona ni tukio la kihistoria. Kwake kuona ukubwa ule kwa lugha yake, na staa wake, ni furaha halali, na mkosoaji asiyeihesabu hiyo furaha anakuwa anaandika kuhusu muvi kana kwamba haina watazamaji.

Mwezi mmoja baada ya Idi ile Dhaka yenyewe iliwaka, wanafunzi barabarani, intaneti ikazimwa, usiku wa 19 Julai ikawekwa amri ya kutotoka nje, mamia ya watu wakauawa, na 5 Agosti waziri mkuu Sheikh Hasina akakimbia nchi. Muvi ilitengenezwa kabla, huwezi kuidai iyajue hayo. Lakini ukiiangalia leo nyumbani, kile kipande cha mtu mmoja mwenye bunduki kuitaka nchi nzima hakikai tena kama kilivyokaa wakati watu wanapiga miluzi, unaanza kuuliza mwenyewe yale maswali ambayo skripti iliyaruka, nani alimpa silaha, nani alikuwa anapokea simu yake, nani alinyamaza.

Mwisho umeachwa wazi kwa sehemu ya pili na mi nitaiangalia siku ya kwanza, sina shida ya kusema hivyo. Wakiniuliza ninachotaka, bajeti iwe ile ile hata ikipungua si neno, Shanto apewe nusu ya muvi kweli kweli, Chanchal aingie mapema, na tumuone mfanyabiashara mmoja wa Dhaka akihesabu noti za kumlipa Toofan mbele ya mtoto wake.