Figo mpya na utumbo mpana: nani apimwe kwa kamera, na lini?

Tangu Hospitali ya Taifa Muhimbili ilipoanza kupandikiza figo mwezi Novemba 2017, na Hospitali ya Benjamin Mkapa ya Dodoma ikafuata mwaka 2018, mgonjwa wa figo kutoka Mbeya, Njombe au Iringa hana tena sababu ya kuitazamia India peke yake. Mikoani mwetu wapo sasa watu wanaoendelea na shughuli zao wakiwa na figo ya kaka, dada au mtoto wao, na kadiri wanavyozidi kuishi ndivyo wanavyofikia umri wa magonjwa ambayo zamani wasingefika kuyapata. Mojawapo ni saratani ya utumbo mpana. Madaktari hawajakubaliana iwapo mtu aliyepandikizwa figo achunguzwe utumbo kwa kamera, yaani mrija wenye kamera unaopitishwa njia ya haja kubwa, hata kama hana dalili yoyote, au afuate tu utaratibu wa watu wengine wa umri wake.

Wanaotaka uchunguzi huanzia kwenye dawa. Ili mwili usiikatae figo ya mtu mwingine, mgonjwa humeza takrolimasi, maikofenoleti na mara nyingi prednisoloni kwa muda wote ambao figo hiyo inafanya kazi. Dawa hizo hushusha kinga ya mwili, na kinga hiyo hiyo ndiyo inayozitambua na kuziangamiza chembe zinazoanza kugeuka saratani. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2011, uliopitia upandikizaji wa viungo mbalimbali zaidi ya 175,000, ulionyesha kwamba hatari ya saratani kwa jumla ilikuwa kama mara mbili ya ile ya wananchi wengine.

Lakini takwimu hiyo ya jumla huficha tofauti kubwa. Saratani zinazopanda sana baada ya kupandikizwa kiungo ni zile zinazochochewa na virusi au jua, kama saratani ya tezi za limfu, Kaposi na ya ngozi. Kwa utumbo mpana, utafiti huo wa Marekani ulikuta ongezeko la takriban robo tu, na uchambuzi mwingine wa mwaka 2007 uliounganisha tafiti nyingi ulikuta hatari ya kama mara 1.7. Wapinzani wa kamera husimamia hapo. Wanasema aliyepandikizwa figo hufa zaidi kwa moyo na kwa maambukizi, na kwamba ushahidi wa kamera kuokoa maisha umetoka kwa watu wenye figo zao, wasiotumia dawa hizi. Ndiyo maana mwongozo wa kimataifa wa mwaka 2009 kuhusu waliopandikizwa figo ulielekeza wachunguzwe utumbo mpana kama wananchi wengine wote.

Hoja hiyo ina uzito, lakini inapofika Nyanda za Juu Kusini inapoteza nguvu. Kuchunguzwa kama wananchi wengine kuna maana katika nchi ambayo mtu akifikisha umri fulani huitwa au hushauriwa kupimwa. Marekani, kwa mfano, ilishusha umri huo kutoka miaka 50 hadi 45 mwaka 2021. Kwetu upo mpango wa kuwapima akina mama mlango wa kizazi, lakini hakuna mpango wa kitaifa wa kumwita mtu mwenye afya yake apimwe utumbo mpana. Kwa mgonjwa wa Makete au Tukuyu, kuambiwa afuate utaratibu wa wengine ni sawa na kuambiwa asipimwe kabisa. Mwongozo uliotungwa kwa kudhani kwamba utaratibu huo upo hauwezi kuhamishiwa hapa bila kwanza kuuliza kama upo.

Wengine hupendekeza njia ya kati: mgonjwa apimwe choo kila mwaka kutafuta damu isiyoonekana kwa macho, na kamera iwe ya yule tu ambaye kipimo chake kimeonyesha damu. Ni rahisi, haina maumivu, na mtu hasafiri. Ningependa sana iwe inatosha. Hata hivyo, watafiti wa Australia walichapisha mwaka 2012 matokeo ya watu zaidi ya 200 waliopandikizwa figo, wenye miaka 50 na kuendelea, waliofanyiwa vipimo vyote viwili. Asilimia 13 walikutwa na vinyama vya hatari, yaani vivimbe vinavyoota ndani ya utumbo na vinavyoweza kugeuka saratani, au saratani yenyewe, na kipimo cha choo kiliwagundua chini ya theluthi moja ya hao. Zaidi ya wawili kati ya kila watatu waliokuwa na tatizo wangerudishwa nyumbani na majibu mazuri. Huku kwetu kuna tatizo jingine la upande wa pili, kwa kuwa kichocho cha tumbo, amiba na minyoo navyo hutoa damu. Mkazi wa kandokando ya Ziwa Nyasa anaweza kukutwa na damu kwenye choo kwa sababu isiyohusiana kabisa na saratani. Kipimo kinachowapita wengi wenye ugonjwa, na ambacho hapa kinaweza kuwashtua wengi wasio nao, si cha kutegemewa peke yake.

Linalonitia wasiwasi zaidi ni jinsi dalili zenyewe zinavyoweza kufichwa na hali ya mgonjwa huyu. Akiharisha, maikofenoleti inajulikana kwa kuharisha. Damu ikiwa pungufu, wagonjwa wa figo wengi wana upungufu wa damu. Choo kikiwa cheusi, anameza vidonge vya madini ya chuma. Akiona damu nyekundu, majirani watamwambia ni bawasiri, na atapewa mizizi ya kuchemsha kabla hajafika zahanati. Kila maelezo kati ya hayo yanaweza kuwa ya kweli, na ndiyo sababu saratani hupata nafasi ya kukua nyuma yake.

Upande wa pili nao una mambo ambayo wapenzi wa kamera huyataja haraka na kuyapita. Utumbo hauwezi kuangaliwa ukiwa na uchafu, kwa hiyo mgonjwa hunywa dawa ya kuusafisha, wakati mwingine hadi lita nne. Chukua mzee aliyetoka Mbeya kwa basi kwenda Dar es Salaam, safari ya zaidi ya kilomita 800. Amepanga chumba kwenye gesti ambayo choo ni kimoja, kiko mwisho wa korido, na usiku kucha anakwenda na kurudi huku mwanawe akimshikia tochi. Maji yakimpungua mwilini, figo aliyopewa ndiyo inayoumia kwanza. Akitapika takrolimasi ya jioni, kiwango cha dawa kinashuka. Dawa za kusafishia zenye sodiamu fosfeti zinaweza kuharibu figo kabisa, kwa hiyo mgonjwa huyu hapaswi kupewa. Utumbo kutoboka ni nadra, lakini prednisoloni inaweza kuficha maumivu na homa ambavyo vingemwamsha daktari mapema.

Kwa sababu hizo, siungi mkono wazo la kumpeleka kila aliyepandikizwa figo kwenye kamera kila baada ya miaka michache. Nguvu ingewekwa kabla ya upandikizaji. Mgonjwa mwenye miaka 45 au zaidi anapoandaliwa kupokea figo huwa tayari yuko Dodoma au Dar es Salaam, anapimwa moyo, mapafu na damu, na bado hajaanza dawa za kushusha kinga. Hapo ndipo angefanyiwa kamera mara moja. Vinyama huchukua muda mrefu, mara nyingi miaka kama kumi, kugeuka saratani, hivyo kuviondoa mapema humpa nafuu ya miaka. Saratani ikigunduliwa wakati huo bado kuna njia: mwongozo wa kimataifa wa mwaka 2020 unataka mtu aliyetibiwa saratani ya hatua za mwanzo asubiri angalau miaka miwili kabla ya kupandikizwa. Ikigunduliwa baadaye, daktari hulazimika kufikiria kupunguza dawa ili kinga ipande, na mwili unaweza kuikataa figo aliyojitolea ndugu, mgonjwa akarudi kusafishwa damu mara tatu kwa wiki.

Baada ya hapo, anayehudumiwa Mbeya angetazamwa kwa dalili, lakini kwa sheria ngumu kuliko ya mtu mwingine: damu inayozidi kupungua wakati figo inafanya kazi vizuri, au kuharisha kusikokoma baada ya dozi kurekebishwa, vihesabiwe kuwa sababu tosha ya kamera. Hilo linahitaji barua ya kuruhusiwa kutoka hospitali iliyopandikiza kueleza kama utumbo ulichunguzwa, lini, na nini kilionekana, ili daktari wa kliniki asianze kwa kubahatisha. Gharama ya kamera hiyo ya kwanza nayo iingizwe kwenye gharama za maandalizi ya upandikizaji. Ikiachwa peke yake itamwangukia mgonjwa, na mgonjwa ambaye familia yake imeshauza shamba ili afike hapo ataiahirisha.