Bodi ya Bustani na Benchi Lisilo na Egemeo

Ukitaka kujua bodi ya bustani ya umma ina watu wa aina gani, kaa kwenye benchi dakika kumi. Benchi lisilo na egemeo halikupitishwa na bibi mwenye magoti mabovu. Kizingiti cha kuzuia pikipiki pale getini hakikuwekwa na mtu wa kiti mwendo. Na choo kinachofungwa saa kumi jioni? Hicho kiliamuliwa na mtu ambaye bustanini huwa anapita tu, tena kwa gari.

Simtukani mtu. Mjumbe huona kile anachokitumia, basi. Ndiyo maana nasema uteuzi uangalie nani anaitumia bustani, na saa ngapi.

Mfano ninaoupenda ni wa Vienna, Austria. Miaka ya 1990 wapangaji wa jiji, wanawake wakiwa mstari wa mbele, walibaini kwamba wasichana wakikaribia miaka 10 hutoweka bustanini na wavulana hubaki. Mwaka 1999 bustani mbili zikapangwa upya: njia zikaongezwa, viwanja vya voliboli na badminton vikawekwa, eneo la wazi likagawanywa ili kundi moja lisiliteke lote. Wasichana wakarudi. Miaka yote hiyo nafasi ilikuwepo, ila hakuna aliyeuliza mabinti wameenda wapi.

Kuna watakaosema wananchi wanaweza kupaza sauti wakiwa nje ya bodi. Kweli, mwaka 1989 Wangari Maathai alipinga jengo la ghorofa 60 ndani ya Uhuru Park, Nairobi, na halikujengwa. Lakini alitukanwa hadharani kwa kazi hiyo. Bustani ngapi zitampata mtu wa moyo ule? Afadhali anayepinga awe ndani, mpango ukiwa bado karatasi.

Ila tusidanganyane kwa kuteua kijana mmoja, mwanamke mmoja na mlemavu mmoja, wapigwe picha, halafu kikao kiitishwe Jumanne saa nne asubuhi. Saa hiyo mama lishe yuko jikoni na kijana yuko kazini. Bila posho ya nauli na kikao cha jioni, wanaobaki ni wastaafu na wakubwa wa ofisi, wale wale. Na mtu akiwa peke yake mezani hugeuka pambo. Wakiwa wawili watatu, mmoja akisema jambo, mwingine atamuunga mkono, nalo litaingia kwenye muhtasari.

Ningekuwa mimi ninayeteua, kiti cha kwanza ningempa anayefagia. Hata mhandisi sijui kama angemtangulia. Huyo anafika kabla ya jua, anajua bomba lipi linavuja, taa ipi haijawaka tangu mwaka jana, na nani hulala nyuma ya kibanda cha walinzi. Sijawahi kusikia bodi ikimuuliza.