Ukomo wa ubunge: miaka 15 haitoshi kweli?

Rais wa Tanzania mwisho wake mihula miwili ya miaka mitano mitano, lakini mbunge anaweza kugombea mpaka achoke mwenyewe, ilimradi apite kwenye chama na kwenye sanduku la kura. William Lukuvi aliingia bungeni 1995 kupitia Isimani na 2020 akarudi tena, hiyo ni miaka 25, na wala simsemi kwa ubaya, sheria inaruhusu.

Rasimu ya Katiba mpya ya Tume ya Jaji Warioba ya 2013 ilitaka mbunge asizidi mihula mitatu, yaani miaka 15, na wapigakura wawe na haki ya kumwondoa kabla hata muda haujaisha. Ikaenda Bunge Maalum la Katiba 2014 ambalo wengi wa wajumbe wake walikuwa wabunge na wawakilishi wa Zanzibar, ilivyotoka kule ukomo haumo na kumwondoa mbunge hakumo. Hili linaniuma mpaka leo, maana walioamua ukomo uwepo au usiwepo ni walewale ambao ungewagusa.

Ila wanaopinga wana hoja nzito jamani. Ubunge unajifunzwa. Ripoti ya CAG, yaani Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, siyo kitu cha kusoma usiku mmoja ukaelewa hela zimepitia wapi, na Zitto Kabwe alivyosimama na sakata la Escrow 2014 (zile hela zilizochotwa kwenye akaunti ya Tegeta Escrow) kama mwenyekiti wa PAC, kamati ya Bunge ya hesabu za serikali, alikuwa ameshakaa bungeni tangu 2005. Ukiwatoa wazoefu wote, makatibu wakuu na watendaji wa wizara wanabaki palepale, mbunge mgeni atawauliza nini?

Lakini hebu angalia, hata Zitto pale alikuwa muhula wa pili tu. Na Richmond je, ile kashfa ya mkataba wa umeme wa dharura? Kamati teule iliyofanya Lowassa ajiuzulu uwaziri mkuu Februari 2008 iliongozwa na Mwakyembe, ambaye ubunge wa Kyela aliupata 2005, muhula wa kwanza kabisa, ingawa ni kweli alikuwa mwanasheria na alishapitia Bunge la Afrika Mashariki. Kwahiyo uzoefu unahitajika, sawa, ila hoja kwamba miaka 15 haitoshi kuupata mimi siioni.

Kinachonipa wasiwasi zaidi ni Ufilipino. Kule tangu Katiba ya 1987 mbunge wa baraza la chini anaishia mihula mitatu mfululizo ya miaka mitatu mitatu, matokeo yake wengi wanampisha mke au mtoto, muhula ukipita wanarudi wenyewe, jimbo linabaki la familia. Mexico nako kwa miaka mingi mbunge hakuruhusiwa kurudi mfululizo, akimaliza anategemea chama kimpe cheo kingine, sasa atamsikiliza nani, mpigakura au chama? Na huku kwetu mgombea binafsi haruhusiwi, jina lazima lipitishwe na chama, hatari hiyo inaweza kuwa kubwa kuliko ya Mexico.

Ndiyo maana mimi naunga mkono mihula mitatu ya Warioba lakini siyo peke yake. Iende pamoja na mgombea binafsi na ile haki ya kumwondoa mbunge, vyote vilikuwemo kwenye rasimu ileile, na safari hii wanaotaka kurudi bungeni wasiwe ndio wenye kura ya mwisho kwenye hicho kipengele.