Mama wa miaka 60 na mbio ndefu: zinamjenga au zinammaliza?

Hapa Dodoma wamama wa miaka 50 kwenda mbele wameingia kwenye jogging kwa wingi na maneno nayo yamekuwa mengi, wengine wanasema mtu mzima anakimbilia wapi ataua magoti, wengine wanasema kimbia tu hutazeeka. Mi naona kila upande umeshika nusu.

Wanaosema kimbia wana mfano mzito. Jeannie Rice wa Marekani, amezaliwa 1948, alianza kukimbia akiwa na miaka kama 35, afu London Marathon ya 2024 akiwa na miaka 76 akamaliza kwa saa 3 na dakika 33, na watafiti walivyompima wakakuta akikimbia kwa nguvu zake zote mwili wake unatumia oksijeni mililita 47.9 kwa kila kilo ya uzito kwa dakika, hicho ni kiwango cha binti aliye fiti kabisa! Ila Berlin 2019 huyo huyo alikimbia saa 3 na dakika 24, kwahiyo hata yeye anashuka, polepole tu. Halafu wanaoumia huwa wanaacha, tunaowaona barabarani uzeeni ni wale ambao miili yao imekubali.

Hoja ya magoti siikubali, wanaokimbia kwa afya hawaonekani kuugua magoti kuliko wanaokaa tu. Shida iko kwenye mifupa na misuli. Hedhi ikikoma estrojeni, homoni ya kike inayolinda mifupa, inashuka, mfupa unaisha haraka miaka ile ya mwanzo, na mbio peke yake hazitoshi kuuzuia, hasa kwa mama anayekimbia huku anajinyima chakula ili apungue, hapo anajiumiza kweli. Mama wa kijijini kule Bahi anayelima na kubeba ndoo kichwani, misuli yake inapata mzigo kila siku japo kazi ile inachosha na chakula hakitoshi kila msimu, wakati mama wa ofisini kule Mtumba kwenye mji wa serikali anakaa kutwa nzima afu Jumamosi anapiga kilomita 10 anaona kamaliza.

Kwahiyo wamama msiache kukimbia jamani. Ila klabu zetu zitenge hata siku mbili kwa wiki za kunyanyua vitu vizito na kuchuchumaa, asiye na gym atumie ndoo ya maji, na maharage, mayai au dagaa visikose mezani. Mwenye presha au aliyewahi kuvunjika mfupa aanzie kwa daktari. Na hili jua la Oktoba, tutoke alfajiri.