Na lugha nayo ihakikiwe
Assalaam alaykum. Nimesoma makala yenu ya wahakiki kuhusu filamu mpya: za kutisha, za mapenzi, za vichekesho. Wamesifu picha, wamesifu muziki, lugha hakuna aliyeigusa. Sisi wa Unguja tunaumia tukimuona bibi wa Mji Mkongwe kwenye filamu anazungumza kama kazaliwa Dar. Buibui kavaa, udi kafukiza, lafudhi hana! Tamasha letu la filamu la Zanzibar, ZIFF, lilianza 1998, na pale Ngome Kongwe filamu zinapoonyeshwa, neno likikosewa watu huguna papo hapo. Na Mpemba je? Mara nyingi huwekwa achekeshe tu. Kwangu hilo ni kosa kubwa kuliko hadithi dhaifu. Kabla ya kutoa nyota tano, muulizeni mtu wa Wete, kule Pemba.